Gemu ikikwama, usikimbilie kununua laptopu mpya

Julai 2018, mchambuzi wa kompyuta wa Kanada, Dave Lee, alichukua laptopu mpya ya Apple yenye prosesa ya Core i9 akaitia ndani ya friza. Alikuwa na sababu. Mashine hiyo ya bei ya juu ilikuwa imetumia dakika 39 kukamilisha kazi ya video, ilhali toleo la mwaka uliotangulia, lenye prosesa ya daraja la chini, liliimaliza kazi hiyo kwa dakika 35. Ndani ya friza, laptopu ileile ilimaliza kwa dakika 27. Siku chache baadaye Apple ikakiri kuwa kulikuwa na kasoro katika programu inayosimamia joto, na Julai 24 ikatoa marekebisho.

Hakuna kipuri kilichobadilishwa katika jaribio lile. Kilichobadilika ni ubaridi tu, na muda wa kazi ukapungua kwa dakika 12. Kwa anayecheza gemu kwenye laptopu Dar es Salaam au Mombasa, ambako mchana wa Januari na Februari joto hupita nyuzi 30, habari hiyo ina uzito wa pekee. Feni ya laptopu hupoza kwa hewa ya chumba. Hewa ikiwa ya moto, mashine inaanza kazi ikiwa tayari imepungukiwa.

Lakini kijana akilalamika kwamba gemu inakwama, mara nyingi hupewa ushauri wa aina mbili: piga Windows upya, au uza hiyo ununue nyingine. Ushauri wote huo unakula fedha, na mara nyingi hauligusi tatizo lenyewe. Baba aliyejinyima kununulia watoto laptopu moja ya shule na burudani hastahili kuambiwa anunue ya pili kwa sababu ya vumbi lililoziba njia ya hewa.

Katika makala haya nashikilia jambo moja: pima kabla ya kulipa. Ukwamaji wa gemu una tabia zake, na tabia hizo ukizitazama vizuri zinakutajia chanzo.

Inakwama wakati gani?

Swali la kwanza la fundi mzuri liwe hilo. Picha ya gemu ni mfululizo wa picha moja moja, ziitwazo fremu. Ili mchezo uteleze, laptopu inapaswa kuchora fremu 60 kila sekunde, yaani kila moja kwa milisekunde 16 na ushei. Ikishuka hadi fremu 30, bado watu wengi watacheza. Ikishuka chini ya 20, mpira unaruka kutoka mguu hadi mguu bila kuuona njiani.

Gemu ikiwa nzito tangu sekunde ya kwanza, tafuta kwenye uwezo wa chipu ya grafiki, draiva, chaja au mipangilio. Ikiwa inaanza vizuri kisha inalegea baada ya dakika tano, kumi au kumi na tano, mshukiwa wa kwanza ni joto. Na ikiwa inateleza vizuri ila inaganda ghafla sekunde moja au mbili kisha inaendelea, angalia diski, RAM na programu zinazofanya kazi kwa siri nyuma ya gemu.

Vipimo havihitaji duka. Programu ya HWiNFO inapatikana bure, na huonyesha joto la prosesa, kasi yake na wati inazotumia, sekunde kwa sekunde. Windows yenyewe, kupitia Task Manager, imekuwa ikionyesha kazi ya chipu ya grafiki tangu toleo la Oktoba 2017, na joto la kadi ya grafiki ya pekee tangu toleo la Mei 2020. Iache HWiNFO ikirekodi, cheza nusu saa, kisha rudi usome.

Joto na vumbi

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzijoto 100. Zikifika hapo hazisubiri kuungua. Zinajipunguzia kasi zenyewe hadi joto lishuke. Ndiyo maana laptopu yenye joto kali haizimiki mara moja, bali huanza kuburuta. Ukiona kwenye rekodi kuwa joto limegota nyuzi 95 hadi 100, na wakati huohuo kasi imeporomoka, umeshampata mhusika.

Kuna mteremko mwingine unaofanana na huo lakini si ugonjwa. Prosesa nyembamba za wati 15, zilizomo kwenye laptopu nyingi za ofisini, huruhusiwa kuvuka kiwango hicho kwa muda mfupi tu, ambao katika mpangilio wa kawaida wa Intel ni sekunde 28 hivi. Zikishapita, umeme unarudishwa kwenye wati zake. Kwa hiyo gemu iliyokuwa nyepesi kwenye menyu na dakika ya kwanza ya mechi inaweza kuwa nzito baadaye hata kama joto ni la wastani. Hapo kusafisha hakutasaidia sana. Kitakachosaidia ni kupunguza mzigo, kama tutakavyoona.

Sasa tuifungue mashine. Chini ya kifuniko kuna feni, bomba bapa la shaba linalotoka juu ya prosesa, na mwisho wa bomba hilo kuna vibati vyembamba vilivyosimama karibukaribu. Joto husafiri kwenye shaba hadi kwenye vibati, na feni hulipulizia nje. Ukitazama kutoka nje utadhani kila kitu ni safi, kwa sababu feni zenyewe huwa na vumbi jepesi tu. Uchafu unaoua kasi umejificha kati ya feni na vibati: tabaka la kijivu la vumbi, nyuzi za nguo na nywele lililoshikana kiasi kwamba unaweza kulibandua kwa kibano likatoka zima. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, kelele inasikika hadi chumba cha pili, lakini hewa haipiti.

Fundi anayejua kazi kwanza atazima laptopu na kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Atashika mapanga ya feni kwa kidole kabla ya kupuliza, kwa sababu hewa ya kasi ikiyazungusha ovyo inaweza kuharibu feni. Kisha ataondoa bomba la shaba na kufuta ile krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, kwa kitambaa laini na spiriti ya isopropili. Krimu mpya anaweka kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Kurudisha nako kuna utaratibu: pembeni mwa skrubu nyingi za bomba hilo kumeandikwa namba 1, 2, 3, 4, na hukazwa kidogokidogo kwa kufuata namba hizo, ili shaba ilale sawasawa juu ya chipu. Anayekaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine anaiacha shaba imeinama upande, na joto litarudi palepale.

Dawa ya meno, mafuta ya mgando na krimu nyingine za nyumbani hazifai kuwekwa juu ya prosesa, hata kama kuna mtu amekuambia zimemsaidia. Baadhi hukauka haraka na nyingine zinaharibu bodi.

Kama hujawa tayari kufungua mashine, anza na mahali unapoiweka. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini. Ukiilaza juu ya godoro, mto au mapaja yenye kanga, umeiziba pua. Iweke mezani, inua upande wa nyuma sentimita mbili au tatu kwa kipande cha mbao, elekeza feni ya chumba kwake, kisha pima tena. Kwa mashine zisizo na vumbi jingi, hatua hiyo peke yake hushusha joto kwa nyuzi kadhaa.

Chipu mbili ndani ya mashine moja

Laptopu nyingi za gemu zina chipu mbili za grafiki: moja ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kadi ya pekee yenye nguvu zaidi. Mwaka 2010 NVIDIA ilianzisha mfumo wa Optimus unaohamisha kazi kutoka chipu moja hadi nyingine ili kuokoa betri. Mfumo huo ni mzuri, ila huweza kukosea. Gemu, hasa ya zamani au isiyojulikana sana, inaweza kuendeshwa na chipu ndogo huku kadi uliyoilipia ikilala.

Kuijua hali hiyo ni rahisi. Cheza, kisha fungua Task Manager kwenye sehemu ya Performance. Kama GPU 0 ya Intel au AMD iko kwenye asilimia 100 na GPU 1 haina kazi, gemu iko kwenye chipu isiyo yake. Tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018, unaweza kurekebisha mwenyewe: ingia Settings, kisha System, Display, halafu Graphics, chagua faili la gemu na uliwekee High performance. Funga gemu, ifungue upya.

Hapohapo angalia draiva. Windows iliyopigwa upya mara nyingi huja na draiva ya jumla, inayowasha skrini lakini haifahamu vizuri kadi yako. Ndiyo sababu wengine hurudi kutoka kwa fundi na laptopu nyepesi kwenye kazi za ofisi lakini nzito zaidi kwenye gemu. Draiva sahihi hutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au wa chipu yenyewe. Kumbuka pia kwamba Intel ilihamishia chipu zake za grafiki za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye huduma ya bidhaa kongwe Julai 2022, hivyo usitegemee kila gemu mpya kutengenezewa draiva maalumu kwa mashine hizo.

Chaja nayo ni kipuri cha kasi

Ukicheza kwa betri, laptopu hujibana yenyewe, kwa sababu betri haiwezi kutoa umeme ambao kadi ya grafiki inauhitaji. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni chaja isiyo yake. Laptopu za Dell, kwa mfano, huzungumza na chaja kupitia kipini chembamba cha katikati ya plagi. Mashine isipoitambua chaja, hutoa onyo wakati wa kuwaka, hugoma kuchaji betri, na hushusha kasi ya prosesa kwa kiasi kikubwa. Mtumiaji anabonyeza kitufe kupita onyo lile, kisha anashangaa gemu ya juzi leo haisogei.

Hali hii ni ya kawaida kwetu, ambako chaja ikifa hununuliwa ya bei nafuu yenye plagi inayoingia. Soma wati zilizoandikwa chini ya laptopu au kwenye chaja ya awali, na usinunue pungufu ya hapo. Laptopu ya gemu inayotaka wati 180 haitatosheka na chaja ya wati 90 hata kama taa ya kuchaji inawaka.

RAM moja au mbili

Chukua HP EliteBook 840 G3, laptopu ya ofisini ya mwaka 2016 inayopatikana sana katika maduka ya mitumba ya kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli jijini Nairobi. Nyingi zina prosesa ya Core i5-6300U na chipu ya grafiki ya Intel HD 520, bila kadi ya pekee. Chipu kama hiyo haina kumbukumbu yake. Inakopa kutoka kwenye RAM ya kompyuta. Kwa hiyo kasi ya RAM ndiyo kasi ya picha.

Mashine hiyo ina nafasi mbili za RAM. Ukikuta imewekewa RAM moja ya GB 8 aina ya DDR4-2133, data inapita kwa upana wa GB 17 kwa sekunde. Ukiongeza ya pili inayofanana nayo, njia zinakuwa mbili na upana unafika GB 34. Kwa laptopu isiyo na kadi ya pekee, hakuna matengenezo ya bei nafuu yanayoongeza fremu kuliko hayo. Fungua Task Manager, sehemu ya Memory, usome nafasi zilizotumika. Ukiona 1 kati ya 2, anzia hapo.

Kuganda kwa ghafla, na mgeni asiyealikwa

Gemu kubwa husoma majengo, barabara na sauti kutoka kwenye diski kadiri unavyosonga. Diski ya zamani inayozunguka haiwezi kuendana na kasi hiyo, ndiyo maana gari lako likiingia mtaa mpya skrini inaganda. SSD, yaani diski isiyozunguka, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Haitaongeza fremu za kadi dhaifu, lakini itamaliza kushtukashtuka.

Kuna chanzo kingine kinachohitaji kusemwa wazi. Juni 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilitoa taarifa kuhusu programu hasidi iitwayo Crackonosh. Ilikuwa imefichwa ndani ya nakala za bure za gemu zilizovunjwa ulinzi, zikiwamo Grand Theft Auto V, NBA 2K19 na The Sims 4. Ikishaingia, ilizima ulinzi wa Windows na masasisho yake, kisha ikaitumia kompyuta ya mwathirika kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Avast ilihesabu kompyuta zaidi ya 222,000 zilizoambukizwa duniani, na waliohusika walijipatia zaidi ya dola milioni 2 za Marekani.

Gemu za aina hiyo huzunguka kwetu kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Ukiona feni inanguruma na prosesa iko juu wakati hujafungua chochote, au ulinzi wa Windows umezimika na haukubali kuwashwa, usipoteze muda kubadilisha krimu. Hapo ndipo kupiga Windows upya kunakuwa tiba ya kweli, na ile flashi isirudi tena.

Mipangilio inayoleta nafuu leo

Kabla ya kutoa shilingi, ingia kwenye mipangilio ya gemu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2 za kuchorwa kila fremu. Ukishusha hadi 1280 kwa 720, zinabaki kama 920,000. Kazi imepungua zaidi ya nusu kwa kubonyeza mara moja. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, inachezeka hata kwenye Intel HD 520 kwa kiwango hicho cha nukta na mipangilio ya chini.

Baada ya nukta, punguza vivuli, kisha miali na miakisiko. Ubora wa sura za vitu upunguze ikiwa kadi yako ina kumbukumbu ya GB 2 tu, kwa sababu ikijaa, gemu huanza kukopa RAM ya kawaida na kushtuka. Kama gemu ina FSR, teknolojia iliyotolewa na AMD Juni 2021, iwashe. Huchora picha ndogo kisha huikuza, na hufanya kazi hata kwenye kadi nyingi za kampuni nyingine.

Halafu weka kikomo cha fremu. Laptopu inayoyumba kati ya fremu 25 na 55 inachosha macho kuliko iliyotulia kwenye 30 au 40, na kikomo hicho hupunguza joto pia. Kwa laptopu zenye chipu ya grafiki ndani ya prosesa kuna hatua moja zaidi: kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Prosesa itaacha kukimbia kupita kasi yake ya kawaida, joto litashuka, na wati zilizookolewa zinaweza kutumiwa na chipu ya grafiki.

Kama ni lazima kununua

Zipo mashine ambazo zimefika mwisho wa uwezo wake, na hakuna ufagio wala krimu itakayozigeuza. Ukifika hapo, usinunue kwa jina la kadi. Machi 2018 tovuti ya Notebookcheck ilibainisha kwamba kadi ya GeForce MX150 ilikuwa ikiuzwa kwa sura mbili chini ya jina moja, moja ya wati 25 na nyingine ya wati 10, na tofauti ya kasi kati yake ilikuwa kubwa. Hata leo GeForce RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa umeme kuanzia wati 35 hadi 115, kulingana na mtengenezaji. Uliza wati, uliza nafasi za RAM, na omba gemu iwashwe dukani kwa dakika kumi na tano. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakukatalia.

Kwa mafundi wetu, ambao mikono yao imeokoa mashine nyingi zilizokatiwa tamaa, nina ombi: wekeni kipimo cha joto mbele ya mteja kabla ya kazi na baada ya kazi. Mteja akiona nyuzi 98 zimekuwa 78, atalipa bila manung'uniko na kesho ataleta jirani yake.

Na wewe unayecheza, wikendi hii fungua HWiNFO kabla ya kufungua mechi. Cheza nusu saa, kisha andika namba tatu: joto la juu, kasi ya prosesa na wati. Ukimpelekea fundi namba hizo, nusu ya kazi imeshafanyika. Ukimwambia tu kwamba inakwama, kuna uwezekano mkubwa utarudi nyumbani na Windows mpya na tatizo lilelile.